Bluu Juu ya Nyekundu Yangu

Waliipaka bluu. Kompyuta yangu mimi, mahari yangu mimi, waliipaka bluu kama mlango wa choo cha stendi, wakaiweka juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, na nje wakatundika kibao: MWANAIDI STESHENARI. Nilisimama mlangoni na kikapu changu cha nyanya nikaitazama. Haki ya Mungu, kitu chako hukijui kwa rangi tu. Mwanao akivalishwa shati la jirani utapita usimwone?

"Karibu, wifi," alisema Mwanaidi. Ni dada wa Majid, mume aliyeniacha miezi minne kabla ya siku ile. Hakupepesa hata jicho. "Unataka kutoa kopi?"

"Hiyo kompyuta umeitoa wapi?"

"Dar. Nimeinunua kwa jasho langu."

"Hiyo ni yangu, Mwanaidi."

Akacheka, akawageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri. "Jamani, kompyuta ya Maimuna si ilikuwa nyekundu? Kilwa Masoko nzima inaijua. Hii rangi gani?"

"Bluu," mmoja akajibu, na yeye akacheka.

"Haya. Au macho yameanza kukutupa mkono, wifi?"

Niliondoka. Nilijua nikibaki nitampiga, na nikimpiga yeye ndiye atakayeonewa huruma. Nilifika kwenye duka la mkate ndipo nikagundua kwamba kikapu nimekikumbatia kifuani, na nyanya zimepasukia kwenye buibui.

Ngoja niseme tangu mwanzo, mtu asije akadhani nilikuwa nagombania bati.

Nilipochumbiwa, shangazi yangu alitumwa kuja kuniuliza nataka mahari gani. Mahari ni ya bibi harusi. Hilo kila mtu wa pwani analijua, hata anayejifanya halijui. Wenzangu hutaja kitanda, cherehani, msahafu na fedha kidogo. Mimi nilisema kompyuta. Shangazi aliniuliza mara ya pili, akidhani nimekosea kwa haya. Sikukosea. Nilikuwa nimesoma kozi ya miezi sita Lindi mjini, nachapa bila kutazama vidole, na nilitaka nikae kwangu nichape barua za watu, nisimwombe mwanamume hata chumvi.

Majid aliileta, sitamnyima hilo. Aliitoa Dar, ya mtumba, imefungwa kwa kanga. Siku wanawake walipokuja kuonyeshwa mahari, kanga ikafunuliwa. Loh! Sipiyu, yaani lile sanduku lenye mashine yenyewe, lilikuwa la njano kama meno ya mvuta tumbaku, na kutu imelila pembe zote. Wanawake wakanyoosha shingo. Kisha sauti moja ikatoka kwenye kona: "Mwenzetu kaolewa kwa debe!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sauti ile ilikuwa ya Mwanaidi. Likumbukeni hilo, kwamba yeye ndiye aliyeliita debe.

Aliyeniokoa na kile kicheko ni baba yake. Mzee Abilahi, baba mkwe wangu, alipaka rangi mashua za Masoko kwa miaka arobaini. Hakuwa mtu wa maneno. Kazini alikuwa mkali kuliko pilipili, nyumbani alikuwa kama mgeni: anakula anachopewa, anakaa anapoonyeshwa, na Mwanaidi, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mume, ndiye aliyekuwa akimpikia na kumpangia. Wiki ya pili tangu niingie nyumba ile alinikuta uani nalifuta lile sanduku kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, machozi yananitoka.

"Mafuta tena?" akasema. "Unaliua. Lete hapa."

Tulilifungua skrubu moja moja. Aliniwekea mashine ndani ya beseni, akalifunika kwa kanga yangu, akaniwekea mapande ya bati kwenye mkeka. Akanipa msasa na maji ya sabuni. Nikakwangua siku mbili, mpaka vidole vikachubuka, maana yeye hakubali rangi juu ya rangi. Rangi ya zamani yote inatoka mpaka chuma kionekane cheupe. Wakati mmoja, baharini pale, alimfanya mwenye mashua aanze upya upande mzima kwa sababu aliruka kipande cha ukubwa wa kiganja. Nilipomaliza kukwangua aliniambia nifute mafuta. Nikafuta. Akapitisha kidole, akakinusa. "Futa tena." Nikafuta mara nne. Hata jasho la mkono wako, alisema, ni mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Siku ya tatu ndipo tulipogombana. Nilitoka kuanika, niliporudi nikamkuta amechuchumaa, ana pamba mkononi na kikopo cha mafuta ya papa, anaziba matundu. Yale matundu madogo ya nyuma na ubavuni, yanayotoa joto. Alikwisha kuyaziba zaidi ya nusu, anasindilia pamba kwa ncha ya kisu kama anavyoziba nyufa za mashua.

"Baba! Unafanya nini?"

"Matundu yote haya," akanijibu kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeyatoboa. "Fundi gani aliyetengeneza chombo hivi? Maji yakiingia je?"

Hakunisikia mpaka nilipokwenda kumwita Valerian, fundi wa simu na kompyuta pale karibu na soko, Mmakonde mmoja mpole asiyejua kuinua sauti. Valerian alitazama, akaziba mdomo kwa mkono asicheke mbele ya mkubwa. "Shikamoo, mzee. Hili haliingii majini. Linapumua kwa hayo matundu. Ukiyaziba linakufa kwa joto." Mzee Abilahi aliweka kisu chini. Kisha akachukua mwiba wa mchongoma, akaanza kuitoa pamba ile, tundu moja baada ya jingine, mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo kila akipita chumbani kwangu hupeleka kiganja nyuma ya sipiyu kusikia kama inapumua. Nilimpenda kwa hilo. Naliona kama jana.

Tulipaka rangi ya kuzuia kutu, halafu nyekundu mara tatu. Nyeupe nilipaka mwenyewe, kwa brashi nyembamba. Nilichora ukili: mistari ya pembe pembe inayokimbizana, kama mama yangu anavyosuka mikeka kwetu Kinjumbi. Nilianzia chini nikapanda mpaka juu, na pale pembeni kulia nilikosea hesabu ya mstari mmoja, ukapinda. Mzee alitaka niufute. Nikamwambia mama naye hupinda.

Ikawa maarufu. Mtu akitaka barua ya kazi, kadi za harusi, muhtasari wa kikundi cha akina mama, anaambiwa nenda kwa mwenye kompyuta nyekundu. Miaka mitatu nilikaa barazani pale nikichapa. Watu wa Kilwa Kisiwani walikuwa wakivuka na karatasi zao zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Hakuna aliyeliita debe tena.

Kisha Majid akaenda Mtwara kufanya kazi, akapata mwanamke huko, akaniandikia talaka. Wala hakuja mwenyewe. Karatasi ililetwa chumbani kwangu na Mwanaidi, akaisoma kwa sauti kama tangazo la mnada. Nikaenda Kinjumbi kwa mama kukaa eda. Ilipokwisha nikarudi na gari la kukodi kuchukua vyangu. Wakanipa kitanda, vyungu, mikeka, hata kifagio. Kompyuta?

"Umeme ulipiga, ikaungua," alisema Mwanaidi. "Tuliitupa."

Mzee Abilahi alikuwepo, amekaa kizingitini, anakwangua kucha zake kwa kipande cha msasa. Nilimtazama. Aliendelea kukwangua kucha.

Wiki moja baadaye ndipo nikaiona ile bluu. Na nilipokuwa pale kwenye duka la mkate na nyanya zangu zilizopondeka, kitu kimoja kikanirudia akilini. Yale matundu. Yote yalikuwa wazi. Mtu yeyote akipaka sanduku lile kwa brashi, rangi itaingia na kuziba mengi. Haya yalikuwa safi, duara, moja moja, yamezibuliwa kwa mwiba. Mji huu una mkono mmoja tu unaofanya kazi hiyo.

Mwanaidi nilimtegemea ubaya, na ubaya wa mtu unayemjua haukushangazi. Lakini baba! Aliyeninusia bati kwa kidole chake! Nililia njia nzima, na si kwa huzuni.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata. Bi Getrude hakuwa mtu wa huku, alitoka upande wa Newala, na watu wa Masoko walimwogopa kwa sababu alikuwa hanywi chai ya mtu. Alisikiliza, akaandika, akawaita wote. Majid simu haikupatikana. Siku ya kikao kompyuta ikaletwa, ikawekwa kwenye meza karibu na dirisha, jua la saa nne linaipiga ubavuni.

Nilidhani ukweli utajisimamia wenyewe. Nilikuwa mjinga. Nikaulizwa kama kuna kitu changu ndani ya kompyuta. Ndani walikwisha kufuta kila kitu, barua za watu za miaka mitatu zimekwenda na maji. Valerian akaulizwa kama anaitambua. Akasokota kofia yake.

"Mama mtendaji, hizi za aina moja zinafanana kama mapacha. Siwezi kuapa."

Huyo ni Valerian, aliyeifungua mara sita! Aliyebadilisha feni yake mbele yangu! Nilitaka kumrarua. Mwanaidi akaulizwa risiti, akasema imeliwa na panya. Panya wa Kilwa wana elimu, wanakula risiti tu.

"Ilikuwa na rangi gani ulipoinunua?" Bi Getrude akamuuliza.

"Nyeupe, imechakaa. Baba ndiye aliyenipakia bluu."

"Tukikwangua kidogo tukatazama chini yake?"

"Kwangueni," alisema Mwanaidi, macho makavu. "Lakini mnamjua baba yangu. Hapaki rangi juu ya rangi. Mtakuta chuma, na kompyuta yangu mtakuwa mmeitia jeraha. Nani atanilipa?"

Chumba kizima kikatikisa kichwa kukubali, maana ni kweli. Hata mimi nilijua ni kweli. Nyekundu yangu ilikwisha kuwa vumbi, imefagiliwa uani na ufagio, pamoja na ukili wa mama yangu. Hapo ndipo nilipoelewa dhuluma yao ilivyopangwa vizuri. Hawakuiba kompyuta tu. Walichukua fundi bora wa pwani hii wakamfanya afute jina langu.

Bi Getrude akamgeukia. "Mzee Abilahi, uliikuta na rangi gani?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, kofia magotini.

"Macho yangu, mama," akasema. "Siku hizi hayaoni vizuri."

"Muongo!" Nilisimama. "Baba, wewe muongo! Uliona mstari mmoja wangu umepinda ukataka niufute, leo huoni nyekundu?"

"Kaa chini, Maimuna," alisema Bi Getrude.

"Sikai!"

"Kaa, au kikao nakifunga."

Sikukaa. Nilikwenda kwenye meza, sijui kufanya nini, labda kuishika tu kwa mara ya mwisho. Mwanaidi alianza kupiga kelele nisiguse mali yake. Nikaweka kiganja ubavuni, pale jua lilipokuwa likipiga tangu asubuhi, na chini ya kiganja nikasikia kitu kimevimba. Lengelenge. Dogo, laini, kama la mkono ulioungua. Kazi ya Mzee Abilahi haijawahi kutoa lengelenge. Mashua zake hukaa juani miaka mitatu.

Nikaingiza ukucha.

Bluu ilitoka kama ganda la muhogo uliochemka. Haikukatika. Nilivuta na ikaja, ubavu mzima, shuka moja, ikanining'inia mkononi, na harufu ya mafuta ya papa ikajaa ofisini mpaka karani akaziba pua. Chini yake nyekundu ilikuwa inang'aa, haijaguswa na msasa hata mara moja. Ukili mweupe, pembe pembe, kutoka chini mpaka juu. Na pembeni kulia, mstari wangu uliopinda.

Karani akainuka kitini aone vizuri. Kisha Mwanaidi akapiga yowe: "Baba!"

Mzee Abilahi alikuwa anatazama kofia yake.

"Nilikuwa na haraka, mwanangu," akamwambia. "Nilisahau kufuta mafuta."

Valerian akacheka kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia. Hata Bi Getrude aliinamia daftari lake asionekane mdomo. Maana hapo hakukuwa na mtu asiyejua kwamba Mzee Abilahi anaweza kusahau kula, kusahau jina la mjukuu, lakini hilo, ng'o. Aliipaka mafuta ya papa kwanza, makusudi, kote, halafu ndipo akapaka bluu yao. Alimpa binti yake rangi aliyoitaka, na akaniwekea yangu chini yake.

"Chukua kompyuta yako," Bi Getrude akaniambia.

Watu wakisimulia habari hii huishia hapo, na wote hucheka na kumsifu yule mzee kwa ujanja. Mimi sikucheka. Nilimfuata nje, nikamkuta anavaa makubadhi yake mlangoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanaidi ni mwanangu," akasema. "Ndiye anayenipa chakula."

"Na mimi nilikuwa nani, baba?"

Akafunga kamba ya kubadhi, akaifungua, akaifunga tena. "Nilikuachia pa kuingiza ukucha," akasema.

Ukucha! Mtu mzima, ana mdomo, ana meno ya kutosha, ameulizwa mbele ya serikali neno moja tu, nyekundu, na yeye ananiachia ukucha! Kama jua lisingepiga dirisha lile? Kama ningekaa chini nilipoambiwa kaa? Ningerudi Kinjumbi mikono mitupu, na yeye angelala usingizi wake akijiambia kwamba alifanya wema. Nilimwambia hayo yote pale nje, watu wanapita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda zake nyumbani, kula kwa Mwanaidi.

Miaka mitano imepita. Nina chumba changu sasa karibu na soko, na printa mbili. Bluu niliibandua yote siku ileile. Mwanaidi alifunga duka, na tukikutana njiani kila mmoja hutazama upande wake. Mzee nilikuwa nikimwamkia. Shikamoo baba, marahaba, basi. Lakini hewa ya chumvi haimsamehe mtu, na mwaka jana kutu ikaanza kutokeza tena pembeni, pale kwenye ule mstari uliopinda. Ningeweza kupaka mwenyewe. Nilimtumia ujumbe aje.

Alikuja asubuhi na msasa wake mfukoni. Amezeeka, mkono unatetemeka mpaka unapogusa brashi, kisha hautetemeki. Tuliweka mkeka nje ya mlango, tukakwangua, kila mmoja upande wake. Alifuta mafuta mara nne, akanusa kidole, akafuta ya tano. Nikachovya brashi kwenye nyekundu. Akanyoosha mkono kuipokea. Sikumpa.

"Sema kwanza," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Kompyuta ni ya nani."

Akatazama barabarani. Wanawake walikuwa wakitoka sokoni. "Ya kwako," akasema, kama mtu anayejisemea.

"Sikusikia."

"Ya kwako, Maimuna."

"Paza, baba. Siku ile uliulizwa mbele ya watu."

Rangi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye brashi hadi kwenye mkeka, na mimi sikujali. Aliinuka. Ilimchukua muda kuinuka, magoti yake si mazima. Akasimama mbele ya mlango wangu, akavua kofia.

"Hii ni mahari ya Maimuna!" akasema kwa sauti niliyokuwa nikimsikia nayo zamani akiwafokea vijana wa mashua. "Mwanangu aliichukua. Mimi nilijua, na niliulizwa nikakaa kimya!"

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa kichwani akasimama, akatutazama sote wawili. "Mbona tunajua, mzee," akasema kwa upole. "Mji mzima unajua."

"Najua mnajua," nikamwambia. "Mwacheni aseme."